Vichwa vya Alizeti na Hesabu ya 55

Singida ni nchi ya alizeti, kuanzia Iramba na Mkalama hadi Ikungi na Manyoni. Mwanafunzi wa chuo anayetafuta mradi wa nadharia ya namba kwa likizo ndefu hana haja ya kwenda mbali: awahi vichwa kabla havijapurwa.

Shika kichwa kilichokomaa, pangusa vijiua vilivyokaukia juu ya mbegu, kisha tazama ukingoni. Mbegu zimejipanga katika mistari iliyopinda, mingine kulia, mingine kushoto. Tia alama ya kalamu kwenye mstari mmoja, hesabu mpaka uurudie. Mara nyingi utapata 34 upande huu na 55 upande ule: namba za Fibonacci, ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia.

Siri iko kwenye pembe. Kila mbegu hujitokeza ikiwa imegeuka takriban digrii 137.5 kutoka kwa iliyoitangulia. Zidisha mara 34, unapata 4,675. Mizunguko 13 kamili ni 4,680. Kwa hiyo mbegu ya 34 baada ya ile ya kwanza inakaribia kurudi ilipoanzia, ikipungukiwa digrii 5. Ya 55 inapitiliza kwa digrii 2.5. Moja inapungua, nyingine inazidi, ndiyo maana mistari inapinda pande mbili. Pembe ingekuwa 135 kamili, kila mbegu ya nane ingeangukia mstari uleule, na kichwa kingekuwa na mistari minane iliyonyooka kama spoku za baiskeli, na kati ya mstari na mstari pangekuwa patupu. Pembe ya alizeti inatokana na uwiano wa dhahabu, namba ngumu kuliko zote kukaribiwa kwa sehemu za kawaida.

Mwanahisabati Alan Turing alifariki mwaka 1954 akiwa bado anaishughulikia hoja hii. Mwaka 2012, miaka 100 tangu azaliwe, mradi mmoja wa Manchester uliwaomba wananchi wapande alizeti na kuzihesabu. Jonathan Swinton na Erinma Ochu walichapisha matokeo mwaka 2016: alizeti 657. Katika kundi la data waliloliamini zaidi kulikuwa na hesabu 768 za mistari. 565 zilikuwa za Fibonacci, na 67 zilikuwa na mpangilio wa jamii hiyo. Zinabaki 136.

Hizo 136 ndizo ninazozithamini zaidi. Vigezo viliwekwa bayana, data ikaachwa wazi ikaguliwe, na vichwa vilivyokataa kanuni vikaandikwa pamoja na vingine. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba namba iliyopungua moja, kama 54, hujitokeza zaidi kuliko iliyozidi moja, kama 56. Nadharia inayotoa 55 tu haijaeleza hilo.

Je, aina ya alizeti iitwayo Record na zile chotara hukosea kwa namna moja? Singida ina mashamba ya kutosha kulijibu swali hili. Picha ipigwe kutoka juu, wahesabu watu wawili bila kuoneshana majibu, na kichwa kisichosomeka kiandikwe hivyo hivyo, kisikisiwe. Mkulima naye arudishiwe vichwa vyake vikiwa na mbegu zote.