Mwalimu wa Mganda

Kijana anayeshika kibuyu cha ngoma ya mganda kwa mara ya kwanza hukipuliza. Hujaza mashavu, mishipa ya shingo ikamsimama, na kinachotoka ni pumzi tupu. Jioni moja Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, upepo wa mwera umetulia na mitumbwi bado iko mchangani, nilimwona mmoja akihangaika hivyo huku wenzake wakicheka. Mwalimu hakuwakemea. Alimsogelea, akauchukua mkono wake, akaviweka vidole vya yule kijana kooni pake yeye mwalimu, kisha akaimba mdomo ukiwa umefumbwa. "Umesikia koo linavyotetema? Sasa imba hivyo hivyo, mwanangu, humo ndani." Kijana akajaribu, kibuyu kikaitika.

Kibuyu hicho huimbiwa. Kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, mwembamba kama karatasi, nao ndio unaoipa sauti ya mtu mkwaruzo wa tarumbeta. Utando ukichanika, sauti inakufa. Kwa hiyo anayefundishwa kukipiga hufundishwa pia kukibeba, kukiweka mahali pakavu na kutomwachia mtoto akichezee.

Ngoma yenyewe ni gwaride, na chimbuko lake ni vita. Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika Liuli mapema: Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake kubwa, na tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vita vilipokwisha, wanaume wa pande zote za ziwa walirudi vijijini na hatua za askari miguuni na bendi za jeshi masikioni. Shaba hawakuwa nayo. Vibuyu walikuwa navyo. Ng'ambo, Malawi, ngoma iliyozaliwa hivyo inaitwa malipenga. Mistari iliyonyooka, kaptula na soksi zilizovutwa juu, vyeo, ngoma kubwa inayoamuru mguu: vyote vilitoka kambini.

Sajenti peke yake ndiye aliyeachwa huko, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mstari wa mganda unadai unyoofu uleule wa jeshi, mguu mmoja ukichelewa kila mtu anauona, lakini anayeunyoosha hamfokei mtu. Nimekaa kando ya viwanja vingi vya mpira nikiwasikia makocha wakimtaja mtoto kwa jina mbele ya kijiji kizima kila anapopoteza mpira, na nimeona watoto hao wakianza kuukimbia mpira. Mwalimu wa mganda akiona mguu umepotea, huingia mstarini mwenyewe, akacheza ubavuni mwa aliyepotea mpaka ngoma imrudishe. Anayetazama kwa mbali hajui ni nani aliyekuwa anasahihishwa.

Ufundi huu una namna yake ya kurithishwa. Jioni ileile palikuwa na kijana mkubwa kidogo, mchezaji hodari, aliyepewa wadogo watano awafundishe kugeuka. Yeye mwenyewe aligeuka vizuri mno, na hapo ndipo palipokuwa na taabu, maana aliye hodari husahau kwamba na yeye aliwahi kutojua. Alionyesha mara mbili, akahesabu kwa haraka, akaanza kusonya. Mwalimu akamwita pembeni. Sikusikia walichozungumza. Aliporudi alihesabu polepole, akawapa mgongo wale wadogo ili mkono wake wa kulia uwe upande wao wa kulia.

Wanne wakageuka. Wa tano, mdogo kuliko wote, akabaki ameelekea ziwani. Yule kijana akafungua kinywa kumwita, na mwalimu, aliyekuwa nyuma yake muda wote, akamgusa bega. Akanyamaza. Ngoma kubwa ikapiga mara moja, mara mbili, mara tatu. Mtoto akaangalia miguu ya wenzake, akaangalia yake, akageuka.