Wimbo wa Mtunza Bustani Uliovalishwa Nguo za Karamu

Leo tuache siasa kidogo. Kuna korale moja ya Uingereza ambayo tamasha lake nimelisikiliza kwenye simu mara mbili, kwa mega zangu mwenyewe. Kichwa chake kilinivuta: nyimbo za zamani za watu wa kazi. Wahunzi, mabaharia, watu wa mashamba. Wanaimba vizuri, sitaficha. Lakini kuna jambo limenikwaza, na naona linatuhusu sisi watu wa masomo.

Tuanze na kizuri. Mwaka 1916 Gustav Holst alipangia korale nyimbo 6 za kienyeji. Ule wa mhunzi njo ulinishika zaidi. Maneno yake ni ya mapenzi, lakini sauti zinagonga kama nyundo juu ya chuma, na mapigo hayakai mahali pamoja. Hapo korale haikutafuta kupendeza. Unaisikia kazi yenyewe.

Kisha zikaja nyimbo 5 za Ralph Vaughan Williams, za mwaka 1913, na hapo mambo yakaanza kulala. Baharia anayerudi kwa mpenzi wake, mzimu wa mpenzi, watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa sikukuu wakiimba ili wapewe kinywaji: wote waliimbwa kwa ulaini uleule. Anayelia mpenzi wake na anayeomba kinywaji mlangoni hawawezi kuwa na sauti moja.

Sasa, nani alitoa nyimbo za namna hii? Mwaka 1903, kijijini Hambridge, mkoa wa Somerset, Cecil Sharp alimsikia mtunza bustani wa mchungaji akiimba akiwa kazini. Jina lake John England. Sharp akaandika melodi, akaipangia piano, na jioni ileile wimbo ukaimbwa kwenye chakula cha waimbaji wa korale. Inasimuliwa kwamba mmoja wa waliosikiliza alisema ni mara ya kwanza wimbo ule kuvalishwa nguo za karamu. Mimi naona miaka zaidi ya 100 imepita na nguo zile bado hazijavuliwa. Katika tamasha hili mtangazaji alitaja Holst, akataja Vaughan Williams, akataja Percy Grainger. Juu ya watu waliowaimbia mabwana hawa, kimya kabisa.

Na Grainger ndiye angewasaidia. Wimbo wake "Brigg Fair" wa mwaka 1906 aliupata kwa mzee Joseph Taylor wa Lincolnshire. Mwaka huohuo akamrekodi Taylor kwa fonografu, na mwaka 1908 kampuni ya Gramophone ikamrekodi huko London. Sauti ya mzee iko, mnaweza kuisikia leo. Niliitafuta baada ya tamasha. Anaiyumbisha noti, anaipinda kidogo, kama mtu anayekuelezea habari ya jana mbele ya mlango wake. Mwimbaji wa korale alikuwa na sauti safi, bila kosa, lakini aliimba kama mtu ambaye habari ile haikumfika.

Kuna watakaosema: shida ni korale yenyewe, wimbo wa mkulima auimbe mtu mmoja tu. Apana. Familia ya Copper ya Rottingdean, watu wa mashamba huko Sussex, walikuwa wanaimba wenyewe kwa sauti mbili, na Kate Lee aliandika nyimbo zao mwaka 1898. Kupanga sauti si kosa. Tena bila wakusanyaji hawa, nyimbo mingi zingekufa pamoja na wazee.

Kosa kubwa naliona katika yale yaliyoachwa. Januari 1905, katika mji wa King's Lynn, mvuvi James Carter alimwimbia Vaughan Williams wimbo juu ya mtoto aliyetolewa katika nyumba ya maskini, akapewa kapteni wa meli ili ajifunze kazi, na kapteni akamtesa mpaka akafa. Mwaka 1906 Vaughan Williams aliiingiza melodi ile katika kazi yake ya orkestra, bila maneno. Muziki mzuri mno, lakini mtoto hayumo. Katika tamasha hili pia hayumo. Hayumo hata mchimba makaa mmoja, na hii ni Uingereza, nchi iliyoendesha viwanda vyake kwa makaa. Nyimbo zao si kwamba zimekosekana: A. L. Lloyd alizitoa kitabuni mwaka 1952. Ukisherehekea watu wa kazi, ukaondoa kifo chao na mgomo wao, umebakiza nini? Maua na mapenzi.

Sisi Wakongomani jambo hili si geni kwetu. Missa Luba ilitoka Kamina, ikarekodiwa mwaka 1958, ikazunguka dunia. Jina la Padri Guido Haazen linajulikana. Wale watoto na walimu walioimba, nani kati yetu anaweza kutaja majina yao matatu?

Kwa hiyo, wewe unayekwenda kijijini na simu yako kurekodi nyimbo kwa ajili ya TFC: kabla ya melodi, andika jina la mama anayekuimbia, kijiji chake na kazi aliyoifanya maishani. Na akikuimbia wimbo wa kumlaani mkubwa wa kazi, usiuache nje eti haupendezi. Huo njo uweke mbele.

Ile korale ya Uingereza nitaisikiliza tena, juu ya wimbo wa mhunzi. Ningewaomba vitu viwili tu: mtangazaji aseme "John England" kwa sauti, na wamwimbe yule mtoto wa King's Lynn, na maneno yake yote.