Mafunzo ya Usimamizi wa Matunzo ya Wazee: Kosa Letu Liko Wapi?

Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kwamba katika nchi ya kijamaa kila mwenye uwezo huishi kwa jasho lake, na kwamba wanaostahili kutegemea jasho la wenzao ni hasa watoto, wazee na wasiojiweza. Makada wengi wanaikumbuka vizuri sehemu ya kwanza ya fikra hiyo, kwa kuwa ni silaha dhidi ya mnyonyaji. Sehemu ya pili tunaipitia upesi upesi, kana kwamba inajitekeleza yenyewe. Haijitekelezi. Kumtunza asiyejiweza ni kazi, na kazi hiyo ina ufundi wake, gharama yake na uongozi wake. Katika makala hii tunataka kukosoa namna tunavyofikiri juu ya kuwaandaa watu wa kuiongoza.

Matunzo ya muda mrefu si tiba ya malaria, ambapo mgonjwa humeza dawa, hupona na kurudi shambani. Ni kumhudumia mtu ambaye hatarudi kuwa kama alivyokuwa: aliyepooza, aliyepofuka, aliyepoteza kumbukumbu. Mtu huyo anahitaji kulishwa, kuogeshwa, kupelekwa msalani, kugeuzwa kitandani, na kusemeshwa kama binadamu, leo na kesho, kwa miezi na miaka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Ile ya 2022 ilikuta karibu milioni 3.5. Si wote wanaohitaji matunzo ya aina hiyo, lakini idadi ya wanaoyahitaji haiwezi kupungua wakati idadi ya wazee inaongezeka.

UDHURU WA FAMILIA

Kosa la kwanza ni letu sisi wenyewe, watu wa itikadi. Kwa miaka mingi tumesema kwamba nyumba za wazee ni mambo ya Ulaya, na kwamba Mwafrika hutunzwa na ukoo wake. Tuliegemea mafundisho ya Mwalimu Nyerere ya 1962, alipoeleza kwamba mzee aliyeonekana amestarehe katika jamii ya jadi alikuwa amefanya kazi kwa bidii ujana wake wote. Fundisho hilo ni sahihi. Lakini sisi tulichukua matokeo tukaacha masharti yake. Starehe ya mzee yule ilisimama juu ya ardhi ya pamoja na kazi ya pamoja, na juu ya watu waliokuwapo nyumbani. Leo kijana yuko mjini anatafuta riziki. Ukimwi ulichukua baba na mama katika nyumba nyingi, ukamwachia bibi kulea wajukuu badala ya yeye kulelewa. Na mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yametuonyesha kwamba kijiji si kimbilio la kila mzee.

Tena tuulize: hiyo "familia" ni nani hasa? Mara nyingi ni mwanamke mmoja. Ni binti, au mke wa mtoto, au mjukuu wa kike aliyekatiza masomo ili akae na bibi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliiweka familia kuwa mahali pa kwanza pa matunzo, na makazi ya Serikali kuwa mahali pa mwisho. Mpango huo unaweza kuwa wa haki. Lakini kusema "familia itatunza" bila kumpa mtunzaji maarifa, zana na mapumziko, ni kumtwisha mwanamke mmoja mzigo wa taifa na kuuita mila. Na kwa kuwa tuliamini kwamba ukoo unajua kutunza kwa asili, hatukuona haja kubwa ya kumfundisha mtu yeyote kusimamia matunzo. Huo ndio mzizi wa udhaifu tunaoujadili.

USIMAMIZI WA STOO

Nchi yetu ina makazi ya wazee ya Serikali: Nunge huko Dar es Salaam, Bukumbi huko Mwanza, Kolandoto huko Shinyanga, Ipuli huko Tabora, Fungafunga huko Morogoro, na mengineyo. Baadhi ya makazi ya namna hii yalianza kama makambi ya kuwatenga wagonjwa wa ukoma. Katika kambi ya kutenga watu, mkuu alikuwa mlinzi na mgawa chakula. Majengo yanaweza kubadilishwa matumizi kwa siku moja. Fikra hazibadiliki hivyo. Kasumba ya kambi humfanya msimamizi wa matunzo aonekane kama mtunza stoo: leja iwe sawa, magunia yahesabiwe, taarifa ya mwezi ifike wilayani. Hesabu hizo ni za lazima, kwa kuwa wizi wa chakula cha mzee ni uhaini mdogo. Lakini mafunzo yanayoishia hapo yanazaa urasimu.

Tuchukue mfano mmoja. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, mwili wake hukandamiza ngozi juu ya mfupa, damu haipiti, na ngozi hufa. Hivyo ndivyo vidonda vya kulalia vinavyoanza, na vinaweza kuua. Wauguzi hufundishwa kanuni inayojulikana: mgonjwa wa namna hiyo ageuzwe takribani kila saa mbili. Sasa tufanye hesabu. Tuseme makazi fulani yana wazee kumi na watano wasiojigeuza, na zamu ya usiku ina mhudumu mmoja. Kumgeuza mzee, kumfuta na kumbadilisha shuka ni dakika kumi. Kumi na tano mara kumi ni dakika mia na hamsini, yaani saa mbili na nusu. Mhudumu huyo asipokaa hata dakika moja, bado hawezi kumaliza mzunguko kabla saa mbili hazijapita.

Vidonda vikionekana tutasema nini? Tutasema wahudumu hawana huruma, tuwaitie semina ya maadili. Huo ni uongo wa kiuongozi. Kosa liko katika ratiba ya zamu, na ratiba hupangwa na msimamizi. Asiyejua kazi ya kugeuza ina dakika ngapi hawezi kuipangia watu, wala hawezi kuipigania bajeti. Na sisi makada hatuna cha kumcheka. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tunafika na sabuni na khanga, tunapigwa picha na kuondoka kabla ya giza. Usiku wa makazi hatuujui.

KITANDA NDICHO DARASA

Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa 1967, ilipinga elimu inayomtenga msomi na kazi. Onyo hilo linahusu mafunzo ya usimamizi kuliko mengine yote. Nchi yetu ilitambua mapema kwamba utawala na ustawi vinahitaji wasomi: Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, Mzumbe, kilianzishwa 1972, na chuo cha taifa cha ustawi wa jamii 1973. Matunzo ya muda mrefu yanadai tuunganishe mambo matatu ambayo kwa kawaida tunayafundisha mbali mbali: uongozi, uuguzi na siasa.

Japani, nchi ya kibepari, ilianza bima ya matunzo ya wazee mwaka 2000, na raia huichangia kuanzia umri wa miaka 40. Sheria hiyo iliweka kazi maalumu ya mtu wa kupanga matunzo ya kila mzee. Kabla ya kukaa katika mtihani wa kazi hiyo, mtu hutakiwa awe na miaka mitano ya kuhudumia watu katika fani ya afya au ustawi. Hatuna haja ya kuiga bima yao, wala kampuni zinazopata faida kwa udhaifu wa wazee. Lakini kanuni ile ni sahihi: anayesimamia awe amehudumu.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Mwanafunzi aanze kwa miezi mitatu ya kuwa mhudumu, zamu za usiku zikiwamo. Baada ya hapo ndipo afundishwe kupanga zamu, kutunza hesabu na dawa, kuandika hali ya vidonda, kuongea na ndugu wa mzee, na kusimamia kifo chenye heshima. Kisha apelekwe vijijini kuwafundisha watunzaji wa nyumbani, kwa kuwa wazee walio wengi wako huko. Na mtihani wake usiwe insha tupu. Mkaguzi afunue shuka aangalie ngozi za wazee.

Wapo watakaosema kwamba nchi ni maskini, fedha kwanza. Hoja hiyo ina ukweli. Bila wahudumu, maji na glovu, mafunzo ni mapambo. Lakini Zanzibar ilipoanza 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, ilithibitisha kwamba nia ya siasa hutangulia utajiri. Pia fedha peke yake haimgeuzi mtu kitandani. Msimamizi aliyefuzu ndiye anayeweza kuonyesha kwa tarakimu kwamba mhudumu mmoja hatoshi, na kumnyima mkubwa nafasi ya kusema hakujua.

NANI AMKOSOE MSIMAMIZI?

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulilaani viongozi wenye kiburi na dharau. Hakuna mahali ambapo onyo hilo ni zito kuliko hapa. Mzee katika makazi anakula, analala na kuoga kwa mkono wa msimamizi. Akilalamika asubuhi, atamwona yule yule jioni. Kwa hiyo mafunzo yamzoeze msimamizi kuulizwa. Kuwe na kikao cha wazee kila mwezi, kikiongozwa na mzee waliyemchagua wao, na maazimio yake yafike Baraza la Wazee bila kupitia meza ya msimamizi. Wahudumu nao wawe na kikao chao. Wao ni wafanyakazi, na wanabeba miili mizito kwa ujira mdogo. Msimamizi anayewanyanyasa wahudumu asitegemee wazee watatunzwa vyema.

Ndugu, tulijikosoa kwa kusema kwamba tuliufanya ukoo udhuru. Kujikosoa bila kazi ni maneno. Kila tawi liorodheshe wazee wasiojiweza walio katika eneo lake, na mbele ya kila jina liandike ni nani anayemtunza na amepumzika lini. Na kila mwanafunzi wa uongozi anayesoma kurasa hizi aombe ruhusa ya kukesha zamu moja katika makazi yaliyo karibu naye. Alfajiri atajua ni nini kinachokosekana katika masomo yake.