Mkopo si Zawadi
Wako watu wasemao, "Fulani amesomeshwa bure na Serikali." Neno hili si kweli, nalo lawapoteza vijana. Bodi ya Mikopo ya Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwakopesha wanafunzi wa vyuo. Naye akopaye hana budi kulipa.

Mwaka 2016 makato ya aliyeajiriwa yalipandishwa kutoka 8 mpaka 15 katika kila mia ya mshahara wake. Tena deni lilikuwa likiongezwa 6 katika mia kila mwaka, hata mlipaji asiuone mwisho wake. Ongezo hilo liliondolewa mwaka 2021, nasi twasema ni haki. Lakini zile 15 hazikupunguzwa pamoja nalo, nazo humwelemea mwalimu mpya kuliko bwana mkubwa, maana mwenye kidogo hubakiwa na kidogo zaidi. Yafaa makato yafuate ukubwa wa mshahara.

Walakini kulipa ni wajibu, kwa kuwa fedha irudishwayo humsomesha mwingine. Basi, ewe mzazi, mweleze mwanao haya kabla hajatia sahihi.