Usiiwashe Kwanza

Resiva ya redio ya marehemu baba ilifika Kaniha kwa pikipiki, imefungwa kwa kanga ya mama, na vumbi jekundu la Biharamulo lilikuwa limeshajipatia njia ya kuingia ndani. Nilipoifungua mbele ya fundi, mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kutafuta soketi. Mzee akaudaka.

"Usiiwashe kwanza, mwanangu."

Akaanza kuuliza. Imelala muda gani? Ilinyamaza ghafla au ilififia? Kulikuwa na harufu ya kuungua? Nikamweleza kuwa upande wa kushoto ndio uliotangulia kunyamaza, kisha kila tukigusa nobu ya sauti ikawa inakwaruza, mpaka mama akaifunika kitambaa cha kufuma na kuweka maua ya plastiki juu yake. Akaigeuza, akachungulia mgongoni. Pale pana kiswichi kidogo cha volti ambacho wenye redio wengi hawakijui. Umeme wa nyumbani Japani, zinakotoka mashine kama hii, ni volti 100, wetu ni 230. Mashine iliyopangwa kwa umeme wa kule, ukiichomeka huku, hukuamkia kwa moshi. Cha baba kilikuwa mahali pake.

Nimewaona mafundi wa papara. Redio haijatua vizuri mezani, pasi ya kulehemu imeshapata moto na kapasita zinang'olewa kwa kukisia. Huyu mzee namsifu kwa yale aliyoyaacha bila kuyagusa.

Hata alipokubali kuiwasha, hakuipa umeme wote. Alitoa balbu ya zamani, ile yenye waya ndani, aliyoihifadhi kwenye soksi kama yai, maana siku hizi madukani zimejaa za LED, nazo kwa kazi hii hazifai. Akaiunga katikati ya soketi na resiva, umeme upite kwake kwanza. Kama ndani kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote na resiva itasalimika. Kama hakuna, itamulika kidogo kapasita kubwa zikijaa, kisha ififie. Ikamulika, ikafifia. Kabla ya kuunga spika akapima njia zake kwa mita, kusije kukawa na umeme wa moja kwa moja unaotoka na kuunguza koili. Mita ikasoma karibu na sifuri. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Kisha akabadilisha spika, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Ile iliyokuwa bubu ikasema, na iliyokuwa ikisema ikawa bubu. Basi spika hazina kosa. Ukimya uko ndani ya mashine. Mngurumo nao ana namna ya kuuhoji. Ukibaki vilevile hata sauti ikishushwa mpaka chini, anaelekea kwenye kapasita za kuchujia umeme. Ukipanda na kushuka pamoja na sauti, chanzo kiko kabla ya nobu. Yetu haikunguruma.

Akachomoa waya, akasubiri, maana kapasita huweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa, ndipo akafungua mfuniko. Tulikuta vumbi, bawa la mende na mjusi mdogo aliyekauka. Akafagia kwa unyoya wa kuku. Penye sahani nyembamba za kutafutia steshoni alipuliza tu kwa mdomo, kwa mbali. Ukipinda moja, steshoni zinahama. Nobu ya sauti, kumbe, ndani ina utepe wa kaboni wenye umbo la kwato, na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Uchafu ukiingia kati yao ndio ule mkwaruzo. Akapuliza dawa ya kopo kidogo, akazungusha nobu kwenda na kurudi mara nyingi, bila haraka. Swichi ya kuchagulia spika, ambayo baba hakuigusa kwa miaka, ilikuwa imeota weusi kwenye viunganishi. Ikapata dawa ileile.

Nikachukua kitambaa chenye maji nifute kioo cha masafa. Akaninyang'anya. Namba zile zimechapwa upande wa ndani, na wapo waliozifuta zote kwa spiriti wakabaki na kioo kitupu, safi kabisa.

Upande wa kushoto ukafufuka. Alijaribia FM kwa Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, mwaka mmoja baada ya umati wa Wanyarwanda kuvuka daraja la Rusumo. Watu wa mkoa huu wana deni na redio. Mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipovamia Kagera, ni redio iliyopeleka sauti ya Nyerere vijijini.

Giza lilipoingia akahamia mawimbi ya kati, ambayo usiku hurudishwa na anga na kufika mbali zaidi. Lugha zikaanza kupishana. Mimi nilisubiri muziki. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, akiusogeza mshale taratibu, akisikiliza pale pasipo na mtu anayesema, kati ya steshoni na steshoni.

"Kushoto bado kuna kitu," akasema, akachomoa waya, akanyoosha mkono kuchukua unyoya.