Zamu ya Nne

Vyumba vya madereva pale Karatu vina kuta nyembamba, na baridi ya Julai haibishi hodi. Wageni wakishakula, gari likishaoshwa na tanki kujazwa, kinachobaki ni blanketi na kompyuta mpakato ya mwenzetu mmoja iliyojaa filamu. Ndiko nilikotazama sehemu mbili za tamthilia ya televisheni Star Trek: The Next Generation ziitwazo "Chain of Command", zilizorushwa Marekani Desemba 1992. Nimezirudia mara nyingi, mpaka wenzangu wananicheka. Vyombo vya angani havinisisimui sana. Ninachokirudia ni ugomvi wa wafanyakazi na bosi mpya, namna ulivyosukwa ukili kwa ukili.

Kapteni Picard anatumwa kazi ya siri, na meli yake, Enterprise, anakabidhiwa Kapteni Edward Jellico, ambaye aliigizwa na Ronny Cox. Vita na Wakardasia, adui zao wa angani, vinanukia. Jellico anapokelewa na msaidizi mkuu, Riker, na salamu hazijapoa anauliza habari za zamu. Meli ina zamu tatu. Yeye anataka nne, tena ya nne ianze siku hiyohiyo.

Mwandishi mwenye haraka angeanza na tusi, au kisasi cha zamani, au mwanamke waliyewahi kugombania. Ronald D. Moore, aliyeandika mchezo wa sehemu ya kwanza, ameanza na ratiba. Aliyewahi kufanya kazi ya kundi anajua hapo ndipo penyewe. Ukibadilisha ratiba ya mtu umegusa usingizi wake, chai yake, na yule anayekaa naye zamu moja wakipiga soga. Riker hakatai. Anakwenda kuongea na wakuu wa idara, anarudi na maelezo kwamba jambo lina ugumu wake, na zamu ya nne haijaanza. Huko ni kugoma kwa adabu. Nilipoona tukio lile mara ya kwanza nilisimamisha filamu nikatoka nje kuvuta hewa.

Kwa nini? Kwa sababu niliwahi kuwa Riker. Msimu mmoja tuliletewa kiongozi mpya wa msafara, magari sita, wapishi na wasaidizi wao. Sisi tulizoea kutoka Karatu saa kumi na mbili, kabla jua halijachomoza. Yeye akasema saa kumi na moja na nusu tuwe tunapanda, geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro likifunguliwa saa kumi na mbili tuwe wa kwanza kwenye foleni. Hesabu ni ya dakika thelathini tu, utasema. Lakini mgeni lazima anywe chai kabla ya kuondoka, na maboksi ya chakula cha mchana lazima yafungwe, kwa hiyo mpishi aliyekuwa akiamka saa tisa na nusu sasa anaamka saa tisa usiku, kwenye baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Nikamjibu, "Sawa mkuu, ngoja niongee na jikoni." Nikaongea na jikoni siku tatu.

Turudi kwenye filamu, maana ustadi wake uko kwenye vitu vidogo. Jellico anaamuru samaki wa Picard aondolewe ofisini. Anatundika michoro ya mwanawe ukutani, na kwa michoro hiyo tunagundua kuwa mtu huyu mkavu ana nyumba na ana mtoto. Deanna Troi, mshauri wa meli, anakwenda kumweleza kistaarabu kwamba watu wana kinyongo. Anamsikiliza, anampa yeye kazi ya kukituliza, kisha anamwagiza avae sare kama maafisa wengine. Halafu kuna Geordi La Forge, fundi mkuu, anayeambiwa abadilishe mitambo ndani ya siku mbili. Analalamika. Data, yule afisa ambaye ni mashine, anapiga hesabu papo hapo: inawezekana, ilimradi idara nzima ifanye kazi bila kupumzika. Data hana ubaya, amesema kweli tupu. Kila kundi lina Data wake, na hakuna anayekaa naye mezani jioni ile.

Sehemu ya pili wengi huikumbuka kwa Picard kuteswa katika chumba chenye taa nne, na David Warner aliye mtesaji anatisha kweli. Mimi huwa nasubiri warudi melini. Riker amevuka mpaka katika kumpinga mkubwa wake kuhusu Picard, ameondolewa kazini, Data amepewa cheo chake. Kisha inahitajika safari ya hatari, kutega mabomu kwenye meli za adui ndani ya wingu la angani, na rubani hodari kuliko wote ni Riker. Jellico anamfuata chumbani. Wanaweka vyeo kando, wanaambiana kwamba hawapendani, kila mmoja kwa sababu zake. Riker anataka aombwe. Jellico anaomba, kwa uchungu wa mtu anayemeza kwinini. Na mpango wa Jellico unafaulu! Adui anarudi nyuma, Picard anaachiliwa. Waandishi wamethubutu kumpa haki mtu tuliyemchukia kwa muda wote ule, na hawakumrembesha hata kidogo. Miaka baadaye Moore aliongoza Battlestar Galactica, ambamo Admirali Cain naye anakuja kuwa mkubwa juu ya watu wasiomzoea. Cain ni mkatili, na kumchukia hakuna kazi.

Kiongozi wetu naye alikuwa na haki, hili nalisema leo. Magari yanayotangulia getini hupanda msituni kabla foleni haijaanza, huzunguka ukingo kwenye ukungu, na hushuka barabara ya Seneto wakati sakafu ya kreta, mita 600 chini, bado ni tulivu. Simba bado yuko barabarani. Ukichelewa unakuta magari ishirini yamemzunguka, na wageni wako wanapiga picha za matairi.

Ila yeye hakuja chumbani kwangu kuniomba kitu. Zamu yetu ya nne ilianza siku ya nne, kimyakimya, bila mimi kutoa taarifa wala yeye kuuliza. Tulifanya kazi hivyo hadi mwisho wa msimu, maneno machache, nidhamu kamili. Akahamishiwa kwingine. Jellico anapoondoka Enterprise watu wamesimama wima, anaaga kwa maneno mafupi, anakwenda. Yetu ilikuwa vilevile: magari sita yamewashwa uani, ukungu umeshuka mpaka barabara ya lami, yeye na begi lake akisubiri gari la Arusha.

Mzee wetu wa jikoni, aliyemlaani kila saa tisa ya usiku kwa miezi minne, akatoka na boksi la chakula akamkabidhi bila neno. Maboksi yetu huwa na yai moja moja la kuchemsha. Mimi ndiye niliyemsaidia kuyafunga asubuhi ile. La kwake lilikuwa na mayai mawili.