Jedwali la gia za difu: linasema kweli, ila kweli moja tu

Kama una rafiki mwenye Land Cruiser au Jeep iliyonyanyuliwa, kuna uwezekano mkubwa umeshaiona picha hii kwenye simu yake. Ni jedwali. Juu kuna ukubwa wa tairi kwa inchi: 31, 33, 35, 37. Pembeni kuna namba za gia za difu: 3.73, 4.10, 4.56, 4.88. Katikati ni visanduku vya rangi: rangi moja ya kubana mafuta, nyingine ya matumizi ya kila siku, nyingine ya kuvuta mzigo. Unatafuta tairi lako, unateremka hadi kwenye rangi unayoipenda, unasoma gia, halafu unaanza kutafuta hela.

Picha hii ni maandishi ya sayansi kama maandishi mengine. Inatoa dai, ina hesabu nyuma yake, na watu wanaiamini kiasi cha kufungua ekseli zao. Kwa hiyo inastahili kuhakikiwa. Niseme hukumu yangu mapema: jedwali halidanganyi. Ila linajibu swali moja tu, na wengi wanaolisoma wanaondoka wakidhani limejibu yote. Kosa hilo linaweza kukugharimu krauni. Linaweza pia kukuacha na breki zisizotosha huku uko katikati ya mteremko.

Linachopatia

Kwanza tuondoe dhana moja. Kunyanyua gari peke yake hakugusi gia. Ukiweka springi ndefu na ukabaki na tairi zile zile, injini haitajua kitu. Kinachobadilisha hesabu ni tairi kubwa ambazo watu huweka baada ya kunyanyua.

Sababu ni rahisi. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko. Chukua Land Cruiser ya familia ya 70 yenye gia za difu 4.11, yaani pinioni huzunguka mara 4.11 ili krauni, na gurudumu pamoja nayo, izunguke mara moja. Tuseme ina tairi za inchi 32. Kwenye gia ya nne, ambapo giaboksi hupitisha mzunguko kama ulivyo, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unataka injini izunguke kama mara 2,146 kwa dakika. Weka tairi za inchi 35, na kwa mwendo ule ule injini itashuka hadi 1,962. Gari linakuwa zito mguuni, linaomba gia ya tatu kila kilima.

Ili kurudi pale ulipokuwa, zidisha gia ya zamani kwa tairi jipya, ugawanye kwa tairi la zamani: 4.11 mara 35 gawanya 32. Unapata 4.50. Gia iliyo karibu na hapo sokoni ni 4.56, na ukiifunga injini inarudi kwenye 2,177. Hapo jedwali limepatia kabisa. Kwa mtu ambaye hajawahi kupenda hesabu, kuona uwiano kwa rangi ni somo zuri la fizikia, na sitalibeza.

Linapoanza kukosea

Tatizo la kwanza ni zile namba za juu. Inchi 35 ni jina la tairi kuliko kipimo chake. Tairi likibeba gari hubonyea chini, na umbali linaosafiri kwa mzunguko mmoja huwa mfupi kuliko ule wa kwenye karatasi. Dawa yake ni chaki. Weka alama kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mzunguko mmoja kamili, pima kwa futi kamba. Fanya hivyo kwa tairi za zamani na mpya, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida na upepo sahihi. Ukipata mita 2.48 na 2.70, uwiano wako ni 1.089, na gia inayotafutwa ni kama 4.47. Lakini ukichanganya, tairi la zamani ukalipima kwa chaki na jipya ukasoma jina lake ubavuni, hesabu inaruka hadi 4.63. Usichanganye vipimo.

Tatizo la pili ni zile rangi. Majedwali mengi ya aina hii yalitengenezwa kwa barabara kuu za Marekani, mwendo wa maili 65 kwa saa, ambao ni kama kilomita 105. Sasa ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Gari la kubeba watalii ambalo siku nzima linatembea kwa 30 na 40 kwenye vumbi halina uhusiano na rangi iliyochaguliwa kwa ajili ya barabara hizo. Jedwali halijui pia giaboksi yako ina gia ya mwisho ya namna gani, wala kwamba injini isiyo na tabo ikipanda hadi mita 1,500 inavuta hewa nyepesi kwa takriban asilimia 14, na nguvu yake inapungua kwa kadiri hiyo hiyo. Jedwali linaingiza namba mbili tu, halafu linakupa ushauri kana kwamba limeingiza kumi.

Ndiyo maana wenye uzoefu mara nyingi huchagua gia kubwa kidogo kuliko ile ya hesabu. Tairi kubwa ni zito, lina ukinzani zaidi, na gari lililonyanyuliwa linapambana na upepo mwingi zaidi. Kurudisha mizunguko ya injini hakuondoi mzigo huo. Na hapa kuna usemi wa mtaani unaoniudhi kweli: "gia zinaongeza nguvu." Haziongezi. Gia hubadilisha mwendo kuwa msukumo, basi. Nguvu farasi zinazotoka kwenye injini ni zile zile.

Kinachopita kwenye krauni, na kisichopita

Kama ningepewa nafasi ya kuandika sentensi moja chini ya jedwali lile, ningeandika hivi: gia mpya hurudisha kile tu kinachopita kwenye krauni.

Hebu tuijaribu. Msukumo wa injini kwenda kwenye gurudumu hupita kwenye krauni, kwa hiyo unarudi. Spidomita? Kwenye magari ambayo inasoma mzunguko kabla ya difu, inarudi karibu na ukweli. Ikiwa inasoma kwenye gurudumu lenyewe, hairudi hadi kompyuta ielezwe ukubwa mpya wa tairi. Urefu wa gari na tabia yake ya kuyumba kwenye kona? Hapo krauni haihusiki hata kidogo.

Sasa breki za mguu. Ziko kwenye gurudumu, baada ya krauni. Tairi kubwa ni wenzo mrefu zaidi: breki ile ile, ukikanyaga kwa nguvu ile ile, inazuia barabarani kwa nguvu pungufu. Kutoka inchi 32 hadi 35 unapoteza kama asilimia 8.6. Ongeza uzito wa tairi zenyewe zinazozunguka. Ukifunga 4.56, gari linaondoka vizuri kama zamani, na mwili wako unakuambia kila kitu kimerudi sawa. Kumbe kuondoka kumerudi, kusimama hakujarudi. Hatari iko hapo hasa, kwa sababu gari zito lisilotaka kwenda lilikuwa linakuonya, na sasa umelinyamazisha.

Ila haki itendeke pande zote. Hoja nzuri kuliko zote ya kubadili gia haimo kwenye jedwali hata kidogo, nayo ni kuteremka. Fikiria gari la tani 3 linaloshuka ndani ya kreta ya Ngorongoro, kina cha takriban mita 600. Nishati inayotakiwa kuondolewa njiani ni kama megajuli 17.7. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Joto hilo lazima liende mahali. Ama linaingia kwenye diski na ngoma za breki, ama unashuka kwa gia nzito na injini inalibeba. Na kuzuia kwa injini, kama ulivyokwisha kukisia, kunapita kwenye krauni. Tairi kubwa lilikunyang'anya sehemu yake, gia mpya inakurudishia. Jedwali linalojisifu kwa mafuta na mwendo limesahau kutaja jambo ambalo lingemshawishi dereva mwenye busara.

Bei ambayo haikuandikwa

Jedwali linaishia pale kazi inapoanzia. Angalia namba zenyewe. 4.11 ni meno 37 ya krauni kwa meno 9 ya pinioni. 4.56 ni 41 kwa 9. 4.88 ni 39 kwa 8. Umeona kwamba hazigawanyiki sawasawa? Ni makusudi. Jino moja la pinioni likikutana na kila jino la krauni kwa zamu, uchakavu unagawanyika kwa wote. Lakini angalia jambo la pili: nyumba ya difu haiongezeki ukubwa, kwa hiyo kadiri gia inavyopanda ndivyo pinioni inavyopungua unene. Ukikimbilia gia kubwa kupita hitaji lako, unanunua pinioni dhaifu kwa hela nyingi.

Halafu kuna kufunga. Krauni na pinioni huuzwa kwa jozi na hufungwa kwa jozi, usichanganye. Fundi anatakiwa kupanga kina cha pinioni kwa vipande vyembamba vya chuma, kukaza beringi kwa mkazo maalumu, na kuacha uchezaji kati ya meno ambao kwa ekseli nyingi za aina hii ni kama milimita 0.15 hadi 0.20, sawa na nywele mbili tatu. Namba kamili iko kwenye kitabu cha kiwanda. Anapaka meno rangi, anazungusha, anasoma alama ilipokaa, na kama haikukaa katikati anafungua tena. Fundi asiye na geji ya kupimia uchezaji huo, anayekuambia "hii naisikia kwa mkono", mshukuru kwa ukarimu, kisha uondoke na gari lako.

Na usibadili ekseli moja tu. Nyuma ikiwa 4.56 na mbele 4.11, ukifunga magurudumu manne, kila mita 10 za nyuma, mbele inataka kwenda mita 11. Kwenye mchanga itateleza. Kwenye lami kavu kitu kitavunjika. Ukishamaliza, safari za mwanzo ziwe fupi na taratibu, difu ipoe kati ya safari na safari, mzigo wa kuvuta usubiri, na oili imwagwe baada ya kilomita kama 800, kwa sababu itakuwa na vumbi la chuma.

Kwa hiyo, tulitupe jedwali? Hapana. Mimi ningelibakiza, nikafuta zile rangi, kisha nikaongeza safu moja pembeni yenye kichwa "Breki". Na kama hela yako inatosha kitu kimoja mwezi huu, na tairi kubwa zimeshafungwa, anza na hicho kisichopita kwenye krauni. Gari linalochelewa kupanda kilima litakuchosha tu, ila lile linalochelewa kusimama halikupi nafasi ya kurudia hesabu.